Wasomaji Wanauliza: Kikundi Chetu Kinaweza Kuomba Ruzuku ya Demokrasia?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji wa Mkoa wa Tanga watuletee maswali kuhusu ruzuku zinazotolewa kwa asasi za kiraia kwa ajili ya miradi ya demokrasia na haki za binadamu. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa huku Maramba, wilayani Mkinga. Tumesajiliwa halmashauri na hesabu zetu ziko sawa. Kijana mmoja msomi alitusomea kwenye simu tangazo la Mfuko wa Demokrasia wa Umoja wa Mataifa, akasema mradi mmoja unaweza kupewa hadi dola 300,000. Ameshatuandikia andiko lenye kichwa “Kukuza Demokrasia na Haki za Binadamu katika Mkoa wa Tanga”, naye anataka tumlipe asilimia kumi fedha zikitoka. Je, tuombe? (Katibu wa kikundi, Maramba)

JIBU: Dada Katibu, kwa mfuko huo na kwa andiko hilo, jibu langu ni hapana. Hata hivyo usiikunje barua, kwa sababu kikundi chenu kina kitu ambacho mashirika mengi ya mjini hayana: wanachama wanaokutana kila wiki, wanaoaminiana kwa fedha, na wanaoishi palepale penye tatizo.

Nianze na mfuko wenyewe. Ulianzishwa mwaka 2005, Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na ni kweli kwamba ruzuku zake zimekuwa kati ya dola 100,000 na dola 300,000 kwa mradi wa takriban miaka miwili. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Yanayofika kutoka duniani kote huhesabika kwa maelfu, na yanayofadhiliwa ni makumi tu. Asasi ambayo haijawahi kusimamia hata shilingi milioni kumi za mfadhili haina cha kuonyesha mbele ya foleni hiyo, na hata ingebahatika, mzigo wa taarifa na ukaguzi ungeiangusha kabla ya mwaka kwisha.

Jambo la pili ni usajili. Vikundi vya kuweka na kukopa husajiliwa na halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili huo ni wa shughuli hiyo. Mfadhili akiiomba katiba yenu atakuta hisa, mfuko wa jamii na faini ya mchelewaji. Kuhusu haki za binadamu hatakuta hata mstari. Wapo pia wanaochanganya ruzuku na ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo isiyo na riba, hurudishwa, na kuipata hakuthibitishi kwamba mnaweza kuendesha mradi wa utetezi.

Mnazo njia mbili. Ya kwanza ni kuunda asasi na kuisajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ambayo inaruhusu usajili wa ngazi ya wilaya, ya mkoa au ya taifa. Mlango wenu ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye hufanya kazi za msajili msaidizi. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti hudumu miaka kumi kisha huhuishwa. Msione haya kuomba ngazi ya wilaya. Nimeona asasi zikijisajili kitaifa kwa fahari, halafu zinashindwa hata kulipa ada ya mwaka.

Njia ya pili, ambayo ningeitanguliza kama ningekuwa mwanachama wenu, ni kuingia chini ya shirika lililokwishasajiliwa na linalopokea ruzuku kubwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humruhusu mpokeaji wake mkuu kugawa sehemu ya fedha kwa asasi ndogo, kwa kawaida si zaidi ya euro 60,000 kwa kila moja, na mara nyingi zinazotolewa ni kidogo zaidi ya hapo. Hapa nchini Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania tangu mwaka 2003, zikiwamo za wilayani. Tafuteni kwanza shirika lenye kazi mkoani Tanga, mlieleze mnachotaka kufanya, kisha muulize kama lina nafasi ya mshirika upande wa Mkinga.

Sasa andiko. “Kukuza demokrasia katika Mkoa wa Tanga” ni kazi ambayo hakuna msomaji wa maombi anayeweza kuipima, na kisichopimika hakipewi alama. Mradi mzuri wa haki unakuwa na ofisi moja inayodaiwa jambo moja ambalo sheria inaitaka ilitimize. Nitatoa mfano. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio mamlaka ya juu ya kijiji, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Je, kijijini kwenu yalisomwa lini mara ya mwisho? Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji una karatasi ya robo hii, au una tangazo la chanjo la mwaka juzi? Mkutano huitishwa saa ngapi, na saa hiyo wanawake wako wapi?

Mkiyajibu maswali hayo kwa vijiji vinne tu, kwa kupitia mihtasari ya mikutano ya mwaka mzima na kuhesabu ni mara ngapi mapato na matumizi yalisomwa na wanawake wangapi waliweka saini kwenye orodha ya mahudhurio, mtakuwa na kile ambacho waandishi wa miradi hukiita hali ya awali. Lengo lenu litajiandika lenyewe: ifikapo mwezi wa kumi na nane, vijiji vyote vinne viwe vinasoma mapato na matumizi kila robo, nakala ibandikwe ubaoni, na idadi ya wanawake mkutanoni iwe imepanda kutoka mlikoikuta hadi mnakokusudia. Ushahidi ni mihtasari hiyohiyo. Linganisha na andiko la kijana wenu ambalo, nina hakika, limeahidi kwamba wananchi mia kadhaa “watahamasishwa”.

Katika mradi wa namna hii mtu wa kumwendea mapema ni Mtendaji wa Kijiji. Akisikia habari zenu kwa mara ya kwanza kutoka kwa Diwani, atajua amechongewa, na mihtasari itaanza kupotea kabatini. Wekeni katika bajeti kikao cha utambulisho na yeye na Mwenyekiti, waelezeni kwamba kijiji kinachosoma hesabu zake hupunguza uvumi dhidi ya viongozi wake (jambo ambalo ni kweli), na ombeni barua ya kuungwa mkono ili muiambatishe.

Kuhusu asilimia kumi ya kijana: msikubali. Gharama zilizotokea kabla ya mkataba, na hasa kamisheni ya kutafuta fedha, kwa kawaida hazilipiki kutoka kwenye ruzuku, kwa hiyo ama mtazilipa kutoka kwenye akiba zenu wenyewe, ama mtazificha ndani ya bajeti na mkaguzi atazikuta. Mlipeni ujira wa kazi yake ya kuandika, mkubaliane mapema, na iwe ni fedha ambayo mko tayari kuipoteza maombi yakikataliwa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Pangani. Vijana wa shirika fulani walikuja hapa, wakafanya semina mbili hotelini, wakapiga picha na bango, wakaondoka. Fedha hizi za demokrasia kutoka nje zina faida gani kwetu, na wanaozitoa wanatafuta nini? (Mzee wa Pangani)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Malalamiko yako kuhusu semina za hotelini nayapokea kama yalivyo, maana ni kweli tupu katika miji mingi ya mwambao, na wafadhili wenyewe wamechangia ugonjwa huo kwa kupenda hesabu ya waliohudhuria kuliko kufuatilia waliohudhuria walifanya nini baadaye.

Kuhusu nia ya watoaji, sitakuambia kwamba hawana maslahi yao. Fedha za Umoja wa Ulaya za demokrasia na haki za binadamu zilikuwa na chombo chake maalumu kuanzia mwaka 2007 hadi 2020, kisha kikaunganishwa katika chombo kikubwa cha ushirikiano wa nje mwaka 2021. Kile cha awali kilijulikana kwa jambo moja: kiliweza kufadhili asasi bila kuhitaji ridhaa ya serikali ya nchi husika. National Endowment for Democracy ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ni taasisi ya kibinafsi kwa sura yake, lakini hupata fedha zake kutoka Bunge la nchi hiyo. Mfuko wa Umoja wa Mataifa nilioutaja juu huchangiwa kwa hiari na nchi wanachama, na India ni miongoni mwa wachangiaji wake wakubwa, kwa hiyo si wazungu peke yao.

Lakini haki yenyewe haikuja na fedha hizo. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu kwa marekebisho ya mwaka 1984, na uhuru wa kutoa maoni, uhuru wa kujumuika na haki ya kushiriki katika mambo ya umma umo humo, ibara ya 18, ya 20 na ya 21. Ruzuku inachofanya, ikitumika vizuri, ni kulipia nauli, karatasi na muda wa watu wanaokwenda kudai kile ambacho tayari kimeandikwa kwa Kiswahili chetu. Mfano ulio karibu nawe ni wasaidizi wa kisheria, wale wanaomwandikia mjane barua ya mirathi bila malipo. Wametambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, lakini walikuwa wakifanya kazi hiyo miaka mingi kabla, na sehemu kubwa ya mafunzo yao ililipiwa na ruzuku, hasa za Denmark na Umoja wa Ulaya kupitia LSF (Legal Services Facility), mfuko unaogharamia msaada wa kisheria.

Tena, mzee, huna haja ya kuishia kulalamika. Sheria inalitaka kila shirika liandae taarifa ya mwaka ya shughuli zake na hesabu zilizokaguliwa, na taarifa hiyo si siri. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuzitangaza fedha hizo hadharani, na kuwasilisha mkataba wake Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi tangu kuusaini. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Pangani, taja jina la shirika lililofanya semina, uulize liliripoti nini kuhusu wilaya yako. Hilo nalo ni zoezi la haki, na halina posho.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa shirika dogo Muheza. Mkaguzi wa mfadhili amekataa nauli zote za washiriki wetu wa vijiji vya Amani kwa sababu hazina risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi. Bodaboda wa Amani mashine ataitoa wapi? Pia bajeti yetu ya dola imepungua ilipogeuzwa shilingi. Nifanyeje? (Mhasibu, Muheza)

JIBU: Ndugu Mhasibu, mkaguzi ana haki ya kudai ushahidi, na wewe una haki ya kuandika mapema ni ushahidi wa aina gani utakaotolewa pale ambapo risiti ya mashine haipatikani. Kosa la kawaida ni kungoja ukaguzi ndipo mfafanue. Mwongozo wa fedha wa shirika, uliopitishwa na bodi na kutumwa kwa mfadhili kabla ya shughuli, uwe na aya inayosema kwamba nauli za bodaboda na za Noah za vijijini zitalipwa kwa fomu ya shirika kwa viwango vilivyopangwa kwa kila njia. Fomu hiyo iwe na jina la mshiriki, kijiji alichotoka, kiasi, namba ya simu, tarehe na saini. Na kiwango cha kutoka kijiji fulani hadi Muheza mjini kiwe kimoja kwa kila mtu anayetoka hapo. Bora zaidi, lipeni kwa simu kutoka akaunti ya shirika, maana taarifa ya miamala huonyesha jina la mpokeaji, na majina ya kubuni hufa hapo. Kwa zile zilizokwishakataliwa, andika barua ya utetezi ukiambatisha orodha ya mahudhurio ya siku hiyohiyo. Wakaguzi wengi hurudisha sehemu ya fedha iwapo saini za fomu mbili zinafanana. Zisipofanana, usihangaike, rudisheni fedha.

Kwa kuwa umegusa nauli, niseme la moyoni kuhusu posho. Wafadhili wengi siku hizi hulipa nauli na chakula, na wanakataa posho ya kikao. Maofisa wa halmashauri wanapoalikwa, swali la kwanza huwa ni bahasha. Kama afisa amelipwa na mwajiri wake posho ya safari kwa siku ileile, kumlipa tena ni posho mbili kwa siku moja, na mkaguzi anayejua kazi atalinganisha orodha zenu na za halmashauri. Kataeni kwa barua ya mwaliko, si mlangoni.

Dola ni shida halisi. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi iliimarika kutoka zaidi ya 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400 ndani ya miezi michache, na shirika lililokuwa limesaini mishahara kwa shilingi lilijikuta na pengo ambalo hakuna aliyelila. Someni kipengele cha mkataba kinachosema nani anabeba hasara ya kubadilisha fedha. Mara nyingi ni mpokeaji. Ombeni fungu la dharura katika bajeti, na msiingie mikataba ya shilingi inayomaliza kila senti ya dola. Mkumbuke pia kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza malipo ya ndani ya nchi kufanywa kwa fedha za kigeni, hivyo mshauri Mtanzania anayetaka alipwe dola akataliwe, na akilipwa shilingi akatwe ile kodi ya zuio, inayokatwa kabla ya kumlipa, ya asilimia 5. Kwa pango la ofisi kodi hiyo ni asilimia 10. Mashirika mengi hudhani kutogawana faida ni sawa na kutolipa kodi. Si sawa, hadhi ya asasi ya hisani huombwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kutolewa kwa uamuzi wa maandishi, na hata ukiipata, makato ya mishahara yako palepale.

SWALI: Sisi vijana wa Ngamiani tunaweza kutumia ruzuku ya elimu ya uraia kufundisha watu kupiga kura? (Vijana, Tanga mjini)

JIBU: Elimu ya uraia, yaani Katiba, haki na wajibu, muundo wa serikali za mitaa, mnaweza kuitoa wakati wowote iwapo imo katika malengo yenu yaliyosajiliwa. Elimu ya mpiga kura inasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na asasi huitoa kwa kibali chake na kwa miongozo yake. Ombeni kibali mapema, na msivae kofia wala fulana ya chama chochote siku ya shughuli. Pia mwambieni mfadhili kabla ya kubadilisha matumizi ya fedha. Idhini ya maandishi, si ya simu.

SWALI: Tunaendesha kituo cha msaada wa kisheria Korogwe. Fedha zetu zilitoka Marekani kupitia shirika kubwa. Mapema mwaka 2025 tuliambiwa tusimame, na hazikurudi. Wafanyakazi wetu wanne wanadai, mwenye nyumba anadai. Tunaanzia wapi? (Mratibu, Korogwe)

JIBU: Ndugu Mratibu, hamko peke yenu. Amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ilitolewa tarehe 20 Januari 2025, mwezi Machi serikali hiyo ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada, zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likakoma kutekeleza misaada. Uingereza nayo ilitangaza mwezi Februari mwaka huo kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Kwa hiyo msipange kana kwamba fedha zimechelewa tu.

Anzeni na mkataba wenu na lile shirika kubwa, kwani kisheria ndilo mliloingia nalo mkataba. Tenganisheni gharama zilizotokea kabla ya tarehe ya barua ya kusimamisha na zile za baada yake. Za kabla zina hoja ya kulipwa, pamoja na gharama ambazo hamkuweza kuzikwepa wakati wa kufunga kazi, endapo mkataba unaziruhusu. Dai liandikwe na liambatane na vielelezo hata kama mnadhani halitajibiwa.

Wafanyakazi ni wenu. Hapo ndipo waratibu wengi wanapokosea, wakidhani kukoma kwa ruzuku kunafuta wajibu wa mwajiri. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, na aliyemaliza zaidi ya mwaka akipunguzwa kazi anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi. Kama mikataba yao ilikuwa ya muda maalumu na imefungamanishwa na ruzuku, hesabu inaweza kuwa tofauti, na hilo lisomwe na mwanasheria. Kaeni nao, waonyesheni taarifa ya benki, mkubaliane malipo kwa awamu na muweke saini. Mfanyakazi anayepinga kuachishwa ana siku 30 tu za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo ukimya wenu unamsukuma kufungua shauri kabla hamjazungumza.

Mwenye nyumba mwandikieni leo, mkitoa notisi kama mkataba wa pango unavyotaka, hata kama bado mna matumaini ya kubaki. Kuhusu kituo chenyewe, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaweza kuendelea kupokea watu kwenye ofisi ya kata siku mbili kwa wiki, kwa makubaliano na Mtendaji wa Kata, na majalada ya wateja yahamishiwe humo ndani ya kabati lenye kufuli. Siri za wateja hazikuwa mali ya mfadhili na hazifungwi pamoja na mradi. Endeleeni kuandika daftari la mashauri: tarehe, aina ya shauri, hatua iliyofikiwa. Mkiomba ruzuku nyingine, hata iwe ndogo, daftari la miezi ambayo hamkuwa na fedha ndilo la kwanza kuliambatisha.